Ukuta wa Jikoni Nilioupaka Chokaa

Mwalimu wangu Mghoi,

Nakusalimu kwa salamu ya amani, ile uliyokuwa ukiniitikia kwa sauti ya kwaya ya kanisani mpaka mimi na wewe tukacheka. U hali gani huko uliko? Miguu imeacha kuvimba? Kile kikohozi cha alfajiri kimekuachia? Najua ni maswali ya ajabu kumuuliza mtu aliyelazwa chini ya udongo, na huu ni mwaka wa pili. Lakini wewe ndiye uliyenikalisha kwenye ile meza yenye mguu mfupi ukanifundisha kuandika barua: anza na salamu, uliza afya ya mwenzio, ndipo useme haja yako, na mwisho uombe jibu. "Barua isiyoomba jibu," ulisema, "hiyo si barua, Zuhura, hilo ni tangazo." Mimi niliishia darasa la saba. Mengine yote nimeyapata jikoni kwako.

Mimi sijambo, alhamdulillahi. Goti la kulia linanisumbua nikiinama, na macho ya karibu yamechoka, mwanao Mwakio kaninunulia miwani. Ungeniona ungenicheka.

Haja yangu ni kukuomba radhi. Ule ukuta wa jikoni, ule uliokuwa ukijaribia rangi zako kwa vidole, niliupaka chokaa. Niliupaka wote, juu hadi chini, mara mbili, na nilipomaliza nikarudi nyuma nikasema mashallah, umependeza. Sikumwambia mtu. Na kimya changu hicho nusura kiubomoe ukuta wenyewe. Nitakueleza tangu mwanzo, na usinikatize kama ulivyozoea.

Kwanza habari za nyumba. Nyumba yako siku hizi inaitwa makumbusho. Baada ya matanga, mwanao Mwakio alikaa na ukoo, wakakubaliana nyumba isiuzwe wala isipangishwe, picha zikae pale pale zilipochorwa. Watu wa utamaduni wakaja, wakaweka mabati mapya na taa. Getini kuna kibao cha mbao, "Nyumba ya Mwalimu Mghoi", na kila nikikifuta vumbi la Voi asubuhi linarudi kabla sijamaliza kufagia ua. Sebuleni ulipokuwa ukianika maharagwe siku za mvua sasa ni picha ukuta hadi ukuta. Kuna msichana wa Wundanyi anaitwa Wawuda, kasomea kazi ya kutunza picha, ndiye msimamizi. Mdogo wa umri, mkubwa wa adabu. Na mimi nimebaki na funguo. Mwakio alisema mbele ya watu wote, "Anti Zuhura abaki. Yeye ndiye anayejua kila kitu kiko wapi." Maneno hayo yalinipa heshima, Mwalimu, na yakanichoma, kwa sababu utakayoisikia.

Zile chupa zako za udongo zimepangwa kwenye rafu ya dirishani, zile za jamu, na lebo ni zile zile za mwandiko wako: Kishushe, Sagalla, Mwatate, Mahoo, Mboghoni. Siku moja walikuja akina mama wakulima kutoka Taveta. Mmoja akasimama mbele ya chupa ya Mboghoni, mikono kiunoni. "Huu si ndio unaonila viatu kila siku kwenye mifereji?" akasema. "Kumbe kwa watu una cheo!" Wenzake wakacheka mpaka Wawuda akatoka ofisini kutazama kuna nini.

Wanafunzi wakija huwaweka mbele ya jiwe lako la kusagia nikawasagia konzi ya udongo mwekundu wa hapa hapa Voi. Nawaambia wasikilize. Mwanzo jiwe linakwaruza kama panya darini. Kisha linanong'ona. Kisha hakuna kitu. "Saga mpaka usikie kimya," ndivyo ulivyonifundisha. Mwaka wa kwanza nilikuwa nadanganya, nasaga nusu nakuletea, nawe unachovya kidole, unapaka ukutani, unasema, "Huu bado unaongea." Nilikuwa nakasirika! Narudi kwenye jiwe nakushtaki kwa Mungu. Sasa nawaambia watoto wa watu maneno yayo hayo kana kwamba ni yangu.

Nawaonyesha na gundi ya mgunga, tuliyokuwa tukiibandua mitini na kuiloweka kwenye kikombe cha bati, ndiyo ya kushikisha rangi. Nawaambia ulivyonionya nisiweke picha karibu na mtungi: "Rangi yetu ni kama sukari, Zuhura. Ikiona maji inasahau ilikotoka."

Na nawasimulia safari ya Kishushe, kila kundi. Unakumbuka? Tulikwenda kutafuta ule udongo mweusi unaometameta, tukajaza gunia, tukakaa kando ya barabara tangu asubuhi, gari hakuna, vumbi limetufanya sote rangi moja. Wakaja vijana watatu wa kuchimba madini, nyundo begani, wakaliona gunia. "Mama, mmepata nini?" "Udongo." "Udongo wa nini?" "Wa kutazama." Wakatazamana. Mmoja akasema, "Hawa mama wamepata mawe, wanatuficha." Ukawaruhusu wapekue. Wakapekua mpaka chini, mikono ikawa myeusi hadi viwikoni, hawakuona kitu. Basi ukatoa karatasi mkobani, ukamshika yule mkubwa wao kiganja, ukakigandamiza juu yake, ukamwonyesha. Kiganja kizima, kila mstari wake, kinang'aa. "Haya," ukamwambia, "umepata jiwe lako." Na ni wao waliotusimamishia lori. Karatasi hiyo imetundikwa mlangoni, ndiyo ya kwanza mgeni kuiona. Mimi nimeishi na watu wengi, Mwalimu. Sijaona mwingine aliyeweza kumpa mtu zawadi kwa mkono wake mwenyewe mtu huyo.

Ulimchora kila mtu. Muuza maziwa, waimbaji wa kwaya yenu, fundi cherehani wa sokoni kalala mdomo wazi. Tembo tu ndio uliowakataa, watalii wakiuliza, unawajibu, "Tembo wana wapiga picha wao." Tembo, na mimi.

Mwezi wangu wa kwanza hapa, nikiwa nimeachika, nimekuja na kifurushi kimoja na macho yamevimba, uliniambia nikae dirishani unichore. Nikakwambia niwie radhi, Mwalimu, mimi nimelelewa kwamba mtu hachorwi, sura ni kazi ya Mwenyezi Mungu peke yake. Baba yangu, Mungu amrehemu, pale dukani kwake karibu na stesheni, hata kalenda yenye picha ya mtu alikuwa akiigeuza ikatazama ukuta. Nilidhani utanicheka, au utanirudishia kifurushi changu. Uliweka penseli chini. "Basi," ukasema. "Sikuchori." Na hukuniuliza tena, miaka yote ile. Ukichora jikoni nami nimo, unangoja nitoke. Mwislamu wa damu yangu hajanifanyia heshima ya namna hiyo.

Lakini nikwambie la moyoni, kwa kuwa wewe sasa humwambii mtu. Wageni wanapopita sebuleni wakiwatambua watu ukutani, "Huyu si yule wa maziwa?", "Tazama, huyu ni shangazi!", mimi nasimama kando na funguo zangu, na kuna kijipande cha moyo kinachouliza: Zuhura, na wewe uliishi wapi?

Sasa nifike kwenye ukuta.

Unajua desturi yangu. Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, napaka chokaa. Ndivyo tulivyolelewa, Idd haiingii nyumba chafu. Kila mwaka nilikuwa napaka jikoni kuta tatu, na ule wa nne, wa nyuma ya meko, unanizuia. "Huo uache. Hilo ni daftari langu." Nami nakujibu, "Daftari gani linalonuka mahamri?" Lakini naliacha. Madoa ya vidole vyako, mekundu, meusi, ya kijivu, yalikuwa yanapanda mwaka hadi mwaka kama mmea utambaao. Nilishayazoea, siyatazami.

Ulipougua ukataka kitanda chako kihamishiwe kile chumba kidogo kinachotazamana na jikoni. Nikasema moshi utakuumiza kifua. "Acha uniumize. Mlango usifunge." Nilidhani ni upweke, unataka kuniona nikipita. Siku moja ukaniita. "Zuhura, njoo ukae hapa kitandani kwangu kidogo, utazame kule." Nikakwambia ugali uko motoni. Siku nyingine ukaniita tena, nikakwambia nina nguo kwenye beseni. Lakini ugali na nguo vilikuwa visingizio, Mwalimu. Kwetu kitanda cha mkubwa hakikaliwi. Mama yangu angefufuka anichape. Nilikuosha kwenye kitanda kile, nikakulisha, nikakugeuza, na yote nikiwa nimesimama au nimepiga magoti, sikukikalia hata mara moja. Nilidhani hiyo ndiyo adabu.

Mara ya tatu hukuniita. Ulipigapiga godoro kwa kiganja, mara mbili, ukinitazama. Nikadhani unataka maji. Nikaleta maji. Ukayanywa yote, ukacheka.

Kicheko kile nimekielewa juzi tu.

Ulituacha Shaabani, na mwezi ulipoandama nikafunga Ramadhani ile nikiwa sina akili. Ndugu zako walikuwa wanaingia na kutoka. Siku moja nilimsikia mmoja mlangoni kwa jikoni akimwambia mwenzake, "Alikuwa na msaidizi miaka yote hii, na tazama masizi ya ukuta." Aibu ikanishika. Nikaona watu watasema Mwalimu aliishi na mtu mchafu. Na haikuwa aibu tu. Kila nikiinama kupuliza moto, vidole vyako viko mbele ya uso wangu, alama moja moja, na mwenye vidole hayupo. Nilishindwa. Nikasema mwenye daftari kaondoka, daftari la nini. Nikakoroga chokaa, nikapaka. Pua yangu ilikuwa shibiri moja kutoka ukutani na wallahi niliona madoa tu.

Mwaka ukapita, makumbusho yakafunguliwa, watu wakawa wengi, na jikoni pakawa na msongamano. Ikaamuliwa mlango wa pili utobolewe kwenye ukuta ule, maana ndio unaopakana na ua, wanafunzi waingie mbele watokee nyuma. Mimi niliposikia nilisema sawa.

Kisha Jumatano moja Wawuda alikuwa anapanga madaftari yako ya mwisho. Akaja mbio jikoni, kashika moja mkononi, akanisomea. Uliandika kwa penseli, mwandiko umeinama kama mtu aliyechoka: "Ukuta wa jikoni umekwisha. Ndiyo kazi yangu bora. Zuhura hajauona."

Akatazama kuta. Nne, nyeupe pepepe. "Mama Zuhura, hapa palikuwa na picha?"

Nikamjibu, "Mimi sijaona picha hapa."

Na ni kweli, sikuiona. Lakini wewe ulikuwa mwalimu, unajua ukweli unaweza kusimama mbele ya mwenzake ukamficha kwa mgongo. Wawuda akaguna, akasema labda ugonjwa ulikuwa umekuzidi, labda ni kazi uliyoiota tu. Akarudi ofisini. Mimi nikabaki nimesimama na mwiko.

Usiniulize nilivyolala. Ijumaa nilikwenda msikitini, nikasahau niko rakaa ya ngapi, mimi! Niliogopa nini? Niliogopa kuambiwa: wewe uliyepewa funguo ndiye uliyeharibu. Niliogopa kutoka nyumba hii. Sina nyingine ninayoijua kila kitasa chake gizani. Nikawa najiambia, Jumatatu watatoboa, ukuta utakwisha, na neno litakwisha nao. Astaghfirullah. Nilitamani kazi yako bora ivunjwe ili mimi nisionekane.

Jumamosi akaja Fundi Mutua, yule Mkamba mwenye mdomo, akapima kwa kamba, akachora mlango kwa mkaa juu ya chokaa yangu. "Jumatatu saa mbili naanza," akasema. "Ukuta wenyewe mtu akipiga chafya unaanguka." Mwakio naye alikuwa ameingia na treni kutoka Nairobi. Nikawatilia chai wote watatu. 

Nikaweka birika chini. Nikasema, "Picha ipo. Nilidhani ni uchafu. Nimeipaka chokaa mimi, kwa mikono hii, kwa ajili ya Idd."

"Ngai!" akasema Fundi Mutua.

Mwakio aliinamisha kichwa, na mimi nikajua sasa naambiwa nitoke. Nikazifungua funguo kwenye pindo la leso nikaziweka mezani kabla hajazitaka. Kisha akazisukuma zikarudi upande wangu.

"Anti," akasema, "nilipokuwa mdogo nilikuwa napangusia ukuta ule mikono yenye samli. Mama alinichapa mara moja, kisha akasema acha, hiyo nayo ni rangi." Halafu akalia, Mwalimu. Mtu mzima, na tai yake shingoni.

Jumatatu Fundi akaja, si na nyundo, bali na ndoo ya maji na brashi ya waya. "Chokaa hutoka kwa maji tu, mama. Dakika tano." Alikuwa keshaichovya. Sijui goti langu lilipata wapi nguvu; nilijikuta nimesimama mbele ya ukuta, mikono nimeitandaza kama golikipa. "Usithubutu! Hiyo ni sukari!" Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nikamweleza Wawuda habari ya gundi ya mgunga, kwamba maji yataondoka na chokaa, na rangi yako nayo itafuata. Wawuda akapauka, maana naye alikuwa amekubali ndoo.

"Basi tufanyeje, mama?"

Nikatia ukucha kwenye kona. Chokaa ikabanduka kama ganda la kitunguu, kavu, kipande kizima. Nikajaribu pengine, vile vile. Nikanusa, nikaelewa. Ule ni ukuta wa nyuma ya meko. Miaka yote ile nimekaanga mahamri, viazi, samaki wa Ziwa Jipe, mafuta yakiruka na moshi ukiyafuata, mpaka ukuta ukavaa ngozi ya mafuta. Chokaa haishiki mafuta. Ilikuwa imekaa juu tu kama mgeni asiyekaribishwa, na maji yake hayakuifikia rangi.

"Kumbe mahamri ni vanishi," akasema Fundi Mutua, akaketi chini kwa kicheko. Naye akaacha ndoo, akatuchongea vijiti vya mwanzi, na akawa mpole kuliko sisi sote. Tulibandua wiki tatu, mimi, yeye na Wawuda, kwa vijiti na manyoya ya kuku, bila tone la maji. Wageni wakichungulia nawafukuza kama inzi.

Na tulipomaliza, Mwalimu, hapakuwa na kitu. Madoa. Mekundu, meusi, ya kijivu, yale yale. Tukayasogelea na taa. Madoa. Fundi Mutua akakuna kichwa. "Mimi niseme kweli, naona ukuta mchafu." Wawuda akawa anatafuta maneno mazuri ya kuniambia. Nikahisi nimewapotezea watu wiki tatu, na nimekutia wewe aibu kaburini.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Nikaenda kile chumba kidogo, ambako huswalia siku hizi maana pana utulivu. Kitanda chako kiko pale pale, Wawuda amekizungushia kamba wageni wasikiguse. Goti likanikamata vibaya nikiwa katikati ya chumba, nikapepesuka, na cha kushika kilikuwa hicho tu. Nikaangukia godoro. Nikakaa. Nikasema nisamehe, Mwalimu, nainuka sasa hivi. Nikainua macho nitafute mahali pa kujishikiza.

Milango yote miwili ilikuwa wazi.

Niliiona leso yangu, ile nyekundu, imetundikwa kwenye msumari, na pindo lake lina uzito wa funguo. Ni udongo wa Voi, nimeusaga mwenyewe. Niliona ndara zangu mlangoni, moja imelala sawa na moja imepinduka, kama ninavyoziacha nikiwa na haraka. Niliona jiwe la kusagia na konzi ya udongo juu yake bado mbichi. Mkeka wangu wa kuswalia umekunjwa, umeegemezwa pembeni. Birika la kutawadhia. Kigoda changu kilichobonyea katikati. Na juu ya karai kuna moshi, moshi kabisa, sijui uliufanyaje kwa udongo wa Mboghoni, unapanda kama mtu ametoka kuweka hamri na kageuka kidogo tu kuchukua chumvi.

Mimi simo. Hakuna uso, hakuna mkono, hakuna hata kivuli. Ulishika neno lako. Lakini mtu yeyote akitazama atajua kuna mwanamke amepita hapa sasa hivi na anarudi.

Ndipo nikajua Ijumaa zako ulikuwa unazifanyia nini, nikienda msikitini, na siku nikienda Taveta kwa dada yangu. Na ndipo nikajua kwa nini picha ile ukiisogelea inavunjika. Uliichora itazamwe kutoka kitandani. Uliniita mara tatu nije niione, na mimi nikakuletea maji.

Nilipiga kelele. Wawuda na Fundi wakaja mbio wakidhani nimeanguka. Nikapigapiga godoro kwa kiganja, mara mbili. Wawuda alielewa upesi kuliko mimi. Akaruka kamba yake mwenyewe akaketi. Fundi Mutua akavua viatu kwanza. Tulikaa watatu kwenye kitanda chako kama kuku kwenye kitagio.

Nilimuuliza Ustadhi wa msikitini kwetu kama picha ile inafaa, maana sikutaka kujihalalishia mwenyewe. Akaja, akakaa, akatazama sana. "Ndara hazina roho, Bi Zuhura," akasema. "Lakini ile iliyopinduka ungeiweka sawa." Nikamwambia siwezi kuigusa, ni ya makumbusho.

Mlango wa pili ulitobolewa upande wa ghala. Kamba ya kitandani imeondolewa. Godoro limetiwa mfuko mpya na shuka ngumu, na kila mgeni, awe mkubwa awe mtoto, anakaa kitandani kwanza kabla ya kuingia jikoni. Wengine wanaona haya. Wazee wa mlimani hasa, wanasema hatukalii kitanda cha marehemu. Mimi nawaambia, mwenyewe amewaita, na nawaambia yaliyompata aliyekataa.

Mwalimu, nimekuomba radhi kwa chokaa, lakini najua hilo si kubwa, chokaa imebanduka. Kubwa ni kwamba uliniona kuliko nilivyojiona, na uliponiita nikae nione nawe, nilibaki nimesimama. Nimejuta. Na nimefurahi pia, siwezi kukuficha. Sasa wakiuliza nilikuwa wapi miaka yote ile, najua pa kuonyesha.

Nakuahidi haya. Chokaa ya Idd itaishia kizingitini kwa jikoni. Udongo nitausaga mpaka kimya, hata nikiwa peke yangu na hakuna wa kuukagua. Na mtu akiniita nikae, nitakaa. Ugali uungue ukitaka.

Nakuaga sasa, adhana haiko mbali. Pumzika. Mimi nakuombea kwa namna yangu kama wewe ulivyokuwa ukiniombea kwa yako, na nimemwachia Mwenyezi Mungu atupange anavyojua.

Barua hii si tangazo. Kwa hiyo naomba, kama ulivyonifundisha: nijibu upesi. Miwani ninayo, na mlango wa jikoni siufungi.

Ni mimi,
Zuhura wako